Vita vya Ulaya na Hatima ya Makoloni ya Amerika

Wahenga walinena kuwa wapiganapo tembo nyasi huumia. Methali hii inaafiki hali ya makoloni ya Waingereza katika Amerika ya Kaskazini baina ya miaka ya 1689 na 1763. Katika kipindi hicho, Uingereza na Ufaransa zilipigana vita vinne vikuu, na kila mara vilipozuka, moto wake ulivuka bahari ya Atlantiki. Makala haya yanafafanua jinsi vita hivyo vilivyowaathiri wakazi wa makoloni na jinsi gharama ya vita vya mwisho ilivyozaa uasi.

Ikumbukwe kwamba vita hivi aghalabu vilitokana na ugomvi wa viti vya enzi. Vita vya pili, kwa mfano, vilihusu nani angerithi ufalme wa Uhispania. Hata hivyo, mnamo Februari 1704, wanakijiji wa Deerfield, Massachusetts, walivamiwa usiku na Wafaransa pamoja na washirika wao wenyeji. Watu wapatao 50 waliuawa na zaidi ya 100 wakatekwa na kuswagwa thelujini hadi Kanada. Wakulima hao hawakuwa na kauli yoyote kuhusu mfalme wa Madrid.

Uchungu wa kutokuwa na kauli ulidhihirika zaidi katika vita vya tatu. Mnamo 1745, wanamgambo takriban 4,000 wa makoloni ya New England, wakiongozwa na mfanyabiashara William Pepperrell na kusaidiwa na manowari za Uingereza, waliiteka ngome ya Wafaransa ya Louisbourg. Mamia yao walifia humo kwa maradhi wakiilinda. Lakini katika Mkataba wa Aix-la-Chapelle wa 1748, Uingereza iliirudisha ngome hiyo kwa Ufaransa, nayo ikarudishiwa Madras, mji wa Bara Hindi. Damu ya walowezi ikawa sarafu ya kununulia maslahi ya wengine.

Vita vya nne vilifuata mkondo tofauti, kwani cheche yake ilitoka Amerika kwenyewe. Mnamo Mei 1754, George Washington, kijana wa miaka 22, aliongoza kikosi cha Virginia kilichopambana na Wafaransa karibu na bonde la mto Ohio. Miaka miwili baadaye Ulaya nayo ilikuwa vitani. Kufikia Mkataba wa Paris wa 1763, Ufaransa ilikuwa imeipoteza Kanada.

Ushindi huo ulikuwa na sumu ndani yake. Kwanza, deni la taifa la Uingereza lilikaribia kuongezeka maradufu, likapita pauni milioni 120. Bunge likatafuta fedha makoloni: mwaka 1765 lilipitisha Sheria ya Stempu, iliyotoza kodi magazeti, hati za kisheria na hata karata. Pili, adui wa kaskazini alipoondoka, walowezi hawakuhitaji tena ulinzi wa Uingereza kama awali. Kwa hivyo, walidaiwa zaidi wakati ambapo walihitaji kidogo. Mgogoro huo ulifikia kilele kwa tangazo la uhuru la Julai 4, 1776.

Aidha, si nyasi zote zilizochipua tena. Wenyeji asilia hawakushirikishwa Paris, ilhali ardhi zao mashariki ya mto Mississippi zilihamishwa kutoka himaya moja hadi nyingine. Mwaka huohuo wa 1763, mataifa kadhaa yao, Pontiac akiwa miongoni mwa viongozi, yalishika silaha.

Kwa kuhitimisha, ni dhahiri kuwa vita vya Ulaya viliyafunza makoloni masomo mawili: kupigana, na kutambua kuwa matunda ya kupigana huko yaligawanywa na wengine. Somo la pili ndilo lililoivunja himaya.