Je, Wajua? Nguvu ya Shimesikio Iko kwenye Moldi

Mluzi unaotoka kwenye sikio la mtu aliyevaa shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, mara nyingi hauna uhusiano na betri, na aghalabu kifaa chenyewe ni kizima. Ni sauti iliyotoroka. Maikrofoni imeinasa, kifaa kimeikuza na kuitumbukiza ndani ya tundu la sikio, kisha sehemu yake ndogo imepenya pembeni, ikarudi kwenye maikrofoni, ikakuzwa tena na kutoka tena, bila kukoma. Waliokaa jirani husikia kelele kali. Mwenyewe mara nyingi hasikii kitu, kwa sababu mluzi huo uko juu, katika masafa ambayo sikio lake lilishayapoteza. Ndiyo maana wajukuu ndio humwambia: "Bibi, sikio lako linalia."

Spika za msikitini na kanisani hulia kwa sababu hiyohiyo maikrofoni inapoelekezwa kwenye spika. Mwanafizikia wa Denmark, Søren Larsen, ndiye aliyechambua kanuni ya jambo hili, na mafundi mitambo wanaozungumza Kifaransa hadi leo huliita kwa jina lake. Ila ukumbini unaweza kuipeleka maikrofoni mbali na spika. Kwenye sikio hakuna pa kuipeleka: maikrofoni iko nyuma ya sikio, sauti inatokea ndani ya tundu, na kati yao ni sentimita chache tu.

Mtu mwenye upotevu mkubwa wa usikivu, tuseme wa desibeli 90, anaweza kuhitaji sauti ikuzwe kwa desibeli 60. Desibeli 60 ni msukumo wa sauti ulioongezwa mara 1,000. Kwa hiyo ikivuja sehemu moja tu kati ya elfu na kuifikia maikrofoni, kifaa kiko mlangoni pa mluzi. Sasa fikiria kinachosimama kati ya sauti hiyo na maikrofoni. Si kompyuta ndogo iliyomo ndani ya kifaa, wala jina la kampuni lililoandikwa ubavuni. Ni kipande cha silikoni au plastiki ngumu kilichofinyangwa kwa umbo la sikio la mtu mmoja, ambacho mafundi wengi hukiita moldi. Naamini hakuna sehemu ya shimesikio inayodharauliwa kama hii, na hakuna inayoamua mengi zaidi.

Tazama mtu mwenye moldi legevu anavyoishi. Kifaa kinalia, watu wanageuka kumtazama, anaona haya, anapunguza sauti mpaka mluzi ukome. Kwa kupunguza hivyo amezitupa desibeli zilezile alizozinunua. Irabu bado anazisikia, kwa kuwa a, e, i, o, u zina nguvu na ziko chini. Konsonanti ndizo zinazopotea, na Kiswahili hubeba maana nyingi kwenye konsonanti za mwanzo wa neno. Kiti na viti, kisu na visu, kikombe na vikombe vinatofautishwa na sauti fupi, nyepesi, inayopita kufumba na kufumbua. Mtu huyo atakuambia, "Nasikia mnaongea, lakini sielewi mnasema nini." Wengi humjibu kwamba kifaa chake ni cha bei rahisi au kwamba masikio yake yamezidi kuharibika. Kabla ya kuamini lolote kati ya hayo, tazama moldi.

Zamani mzigo wa moldi ulikuwa mwepesi kidogo. Shimesikio za kisanduku zilivaliwa kifuani na waya ukapanda hadi sikioni, hivyo maikrofoni ilikuwa mbali na uvujaji. Kasoro zake zilikuwa nyingine: nguo iliposugua kisanduku, mtoto alisikia mchakacho wa shati badala ya sauti ya mwalimu. Transista ndiyo iliyoruhusu kila kitu kipungue ukubwa. Sonotone ya Marekani ilitoa kifaa cha kusikia chenye transista mwishoni mwa 1952, na baada ya muda si mrefu mtambo mzima ukahamia nyuma ya sikio. Starehe iliongezeka sana, na uvujaji nao ukawa jirani wa karibu.

Kutengeneza moldi nzuri ni kazi ya mikono inayohitaji utulivu. Kwanza mtaalamu huchungulia sikio kwa taa, aone kama kuna nta, kidonda, usaha au ngoma iliyotoboka. Kisha huingiza kipande kidogo cha sifongo au pamba chenye uzi hadi kupita kona ya pili ya tundu. Kipande hicho ni ulinzi: bila hicho, dawa ya kuchukulia umbo inaweza kusogea hadi kwenye ngoma ya sikio na kung'ang'ania huko. Halafu huchanganya silikoni laini, huijaza kwenye bomba lisilo na sindano, na kuisukuma polepole ijaze tundu lote na bakuli la sikio kwa nje. Baada ya dakika chache imeganda. Kinachotoka ni umbo la sikio hilo lenye kona zake zote, na hakuna sikio lingine duniani litakalolitoshea, hata la upande wa pili wa kichwa hichohicho.

Hapa ndipo panapotendeka kosa ambalo mgonjwa hawezi kuliona. Taya lina kifundo kinachokaa mbele kabisa ya tundu la sikio. Ukifungua kinywa, kifundo kinasogea na tundu linabadilika upana. Weka ncha ya kidole ndani ya sikio lako, tafuna hewa, utakihisi. Umbo likichukuliwa kinywa kikiwa kimefumbwa, moldi itakaa vizuri mtu akiwa kimya, kisha itaanza kuvuja anapokula au kucheka. Kwa vifaa vyenye nguvu, wataalamu wengi humpa mteja kizuizi cha kuuma ili kinywa kibaki wazi wakati silikoni inaganda. Dakika hizo chache za kukaa mdomo wazi zinaweza kuokoa miaka ya mluzi wakati wa chakula.

Urefu wa moldi nao una uzito. Theluthi ya nje ya tundu la sikio ni gegedu, laini na inayocheza. Theluthi mbili za ndani ni mfupa. Moldi fupi inayoishia kwenye gegedu huyumbayumba na kila neno la mvaaji. Iliyopita kona ya pili hushika vizuri zaidi, na pia hupunguza ile hali ya mtu kuisikia sauti yake mwenyewe ikivuma kichwani. Wenye upotevu mdogo hutobolewa tundu la hewa ndani ya moldi ili kuondoa uvumaji huo. Mwenye upotevu mkubwa hana anasa hiyo: tundu lolote la maana ni njia ya sauti kutoroka, hivyo hupewa tundu jembamba mno au asipewe kabisa.

Kuna watu ambao kuzibwa huko kunawadhuru. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara, tatizo tunalolijua sana Afrika Mashariki, halipendi kufungiwa joto na unyevu siku nzima. Ukiliziba, usaha huongezeka na kifaa huloa. Sikio hilo litibiwe kwanza, na lisipokauka, mtaalamu anaweza kupendekeza kifaa kinachopitisha mtetemo kwenye mfupa nyuma ya sikio, kisichohitaji kuziba chochote.

Silikoni laini hushika sikio vizuri, haisinyai, na mtoto akianguka mchezoni haimuumizi. Plastiki ngumu ya akriliki huteleza kwa urahisi zaidi, jambo ambalo mzee mwenye vidole vinavyouma atalishukuru kila asubuhi. Mimi ningempa mzee huyo moldi anayoweza kuivaa mwenyewe hata kama inapoteza desibeli chache, kuliko ile kamili inayobaki kabatini mpaka binti yake arudi kazini.

Mtoto ni habari nyingine kabisa. Sikio lake linakua, moldi haikui. Katika mwaka wa kwanza anaweza kuhitaji moldi mpya kila baada ya miezi miwili au mitatu, na hata baadaye mara kwa mara mpaka ukuaji upungue. Mzazi aliyeambiwa kwamba mtoto amepewa shimesikio, na hakuambiwa kuhusu safari hizo, amedanganywa nusu ya gharama. Kisha kuna jambo linalowashangaza wengi: kifaa kilekile, bila kuguswa, hutoa sauti kali zaidi ndani ya sikio la mtoto mchanga kuliko la mtu mzima, kwa sababu nafasi kati ya moldi na ngoma ni ndogo. Katika masafa ya juu tofauti inaweza kufika desibeli 10 hadi 20. Ndiyo maana kukadiria hakutoshi. Mtaalamu mwenye vifaa huingiza mrija mwembamba sana kando ya moldi, hadi karibu na ngoma, na kupima sauti inayofika huko kwelikweli.

Kati ya moldi na kifaa kuna mrija wa plastiki, na huo ndio wa kwanza kuchoka. Ukiwa mpya ni mwangavu na unanyumbulika. Baada ya miezi mitatu hadi sita hugeuka njano, hukakamaa, huivuta moldi kutoka mahali pake na hatimaye hupasuka. Kifaa chenye nguvu huhitaji mrija wenye ukuta mnene, maana sauti kali huvuja hata kupitia ukuta wa mrija. Kubadilisha ni kazi ya dakika chache, lakini nimeona watu wakiuvaa mrija mmoja miaka hadi unakuwa na rangi ya chai. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, kuna adui wa ziada: jasho na unyevu wa hewa hugeuka matone ndani ya mrija, na tone moja linatosha kufunga njia ya sauti. Usiku, itenganishe moldi na kifaa, pulizia mrija kwa kipira cha hewa, na ukilaze kifaa kwenye chombo chenye kifuniko na vidonge vya kukausha. Moldi iliyotenganishwa unaweza kuiosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Kifaa chenyewe kisiguswe na maji.

Vifaa vikubwa vingi hutumia betri namba 675, yenye kibandiko cha buluu. Betri hiyo hufanya kazi kwa kuvuta hewa. Ukibandua kibandiko, iache wazi dakika chache kabla ya kuifungia ndani, ipate kuamka sawasawa. Na ukishakibandua, kukirudisha hakusaidii sana.

Hata moldi kamili haiwezi kurudisha kilichokufa. Ndani ya koklea ya sikio moja, ile sehemu ya ndani kabisa inayopokea sauti, kuna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,500 tangu kuzaliwa, na hazioti upya zikiangamizwa na homa ya uti wa mgongo, kelele za miaka au dawa kama gentamisini. Sikio lililopoteza seli hizo hushindwa kusikia sauti ndogo lakini huumizwa na kubwa kama sikio zima, labda zaidi. Mzee anasema, "Sema kwa nguvu." Ukipaza anasema, "Mbona unanifokea?" Hana ubishi, nafasi kati ya kusikia na kuumia imebanwa. Kifaa kizuri hukuza sana sauti ndogo, hukuza kidogo iliyo kubwa, na huweka dari isiyovukwa. Vifaa vyenye nguvu kupita vyote vinaweza kutoa karibu desibeli 140 kwenye vipimo vya maabara, kwa hiyo mwenye masikio mazima asijaribu kamwe kuvaa cha mwenzake. Na kwa baadhi ya watu hata nguvu hiyo haitoshi. Hao ndio wanaofikiriwa upandikizaji wa kifaa ndani ya koklea, ambao Hospitali ya Taifa Muhimbili iliuanza mwaka 2017.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya usikivu ya 2021, lilikadiria kwamba katika kila watu 100 ambao shimesikio ingewafaa, wanaoitumia ni 17 tu. Kila msaada wa vifaa unaofika kwenye shule za viziwi ni wa kushukuriwa. Lakini sanduku la vifaa lisilo na mtu wa kuchukua maumbo, wala mirija ya akiba, wala fungu la moldi za mwaka ujao, litarudi stoo. Kama pesa ni chache, ningenunua vifaa vichache na kumlipa fundi wa moldi.

Nyumbani, kifaa kikianza kulia, usiguse sauti kwanza. Tazama kama moldi imeingia yote. Mara nyingi ncha yake ya juu hubaki nje ya mkunjo wa sikio. Sogeza ushungi au kofia iliyoifunika maikrofoni, maana kitambaa hurudisha sauti. Mwombe mhudumu wa afya achungulie kama nta imejaa, kwani nta nayo huirudisha. Kisha vua, washa, na uzibe kwa kidole tundu la moldi ambalo sauti hutokea. Mluzi ukikoma, moldi ndiyo inayovuja sikioni na umbo jipya linahitajika. Ukiendelea, chomoa mrija na uzibe ncha ya ndoano, ile sehemu iliyopinda ya kifaa inayokaa juu ya sikio. Ukikoma hapo, mrija au maungio yake yamepasuka. Ukiendelea hata hapo, kasoro iko kwenye ndoano au ndani ya kifaa, na sasa ndipo kipelekwe kwa fundi.