Kihamba Kimoja, Vizazi Vitatu

Ndugu msomaji, je, nyumbani kwako mnaishi watu wangapi? Labda yupo bibi, wapo baba na mama, wapo na watoto. Twende Kilimanjaro tukaone jinsi Wachaga wanavyoishi hivyo katika shamba moja.

Shamba hilo huitwa kihamba. Ndani yake kuna nyumba, migomba, kahawa na miti ya kivuli. Ng'ombe na mbuzi hufungwa zizini. Samadi yao hutiwa kwenye migomba. Migomba nayo huwapa watu ndizi, na majani yake hulishwa ng'ombe. Mpaka wa kihamba hupandwa masale, mmea wenye majani marefu. Babu akifa, huzikwa humo humo, karibu na nyumba. Ndiyo sababu kihamba hakiuzwi ovyo.

Kwa mila, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa sehemu yake. Kitinda mimba hubaki na wazazi, na nyumba yao huwa yake. Lakini anaipata pamoja na kazi: lazima awatunze wazee mpaka mwisho. Watoto wa kati walitafutiwa kihamba kingine. Zamani ardhi ilikuwapo. Leo mlimani pamejaa watu. Vihamba vimegawanywa mara nyingi, na vingine havifiki hata ekari moja. Ndipo vijana wengi wakaenda Moshi, Arusha na Dar es Salaam kutafuta kazi. Mwezi wa Desemba hurudi na watoto wao. Nyumba hujaa, wengine hulala chini kwenye mikeka. Bibi hufurahi, ingawa sukari huisha upesi!

Basi ugomvi huanza wapi? Mara nyingi huanza baada ya matanga. Mzee amekufa. Mjane amelima kihamba hicho miaka mingi. Kila siku amebeba majani ya ng'ombe kichwani. Sasa shemeji zake wanamwambia, "Mama, shamba hili ni la ukoo." Binti naye anaambiwa arudi kwa mumewe, hata kama mume mwenyewe hayupo tena.

Ndugu msomaji, jambo hili lina sheria. Ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hiyo inasema kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kuwa na ardhi au kuitumia ni batili. Maana yake, mila hiyo haina nguvu. Tena sheria inakubali familia imiliki ardhi kwa pamoja. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayotoa hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo inaweza kuandikwa majina ya mume na mke wote wawili.

Sasa wewe unajua kusoma. Karatasi ikiletwa nyumbani, isome yote kabla mtu hajatia sahihi au dole gumba. Tafuta majina. Je, la mama limo? Kama halimo, uliza siku hiyo hiyo, wakati mzee angali hai na anaweza kujibu.