Simamia kamba kabla fundi hajachimba msingi

Mvua zikikata mwezi Mei, kazi ya ujenzi huanza katika vijiji vya Kakonko, Kibondo na Kasulu. Matanuri ya matofali huwashwa, malori ya mchanga hupita, na mkulima aliyeuza maharage, mahindi au kahawa huanza kuhesabu bati. Hadi Septemba ndio wakati wa kujenga, kwa sababu mvua zikirudi, tofali bichi huyeyuka na mwenye nyumba hurudi shambani.

Kiangazi hicho hicho ndicho huzaa ugomvi kati ya mwenye nyumba na fundi. Mara nyingi watu hufikiri ugomvi huo ni wa malipo tu. Lakini ulio mbaya zaidi ni wa nyumba kukaa mahali pasipo pake: imeingia kwa jirani, imeipa barabara mgongo, au imesogea hadi ndani ya hifadhi ya barabara. Rangi ikikosewa hupakwa upya, na mlango ukikosewa hung'olewa. Nyumba iliyokosewa mahali haisogezwi.

Tuchukue mfano. Mkulima wa Gwanumpu amenunua kiwanja mjini Kakonko, upana meta 20 na urefu meta 30. Anamwonyesha fundi kwa mkono: "Nyumba ikae hapa, mlango utazame barabarani." Anaacha hela ya msingi na kurudi kuvuna. Baada ya wiki mbili anakuta msingi umeshapanda, lakini fundi alikutana na mwamba akasogeza nyumba meta moja na nusu kwenda upande wa pili. Jirani amesimama pale, anasema ukuta uko kwake. Fundi naye anajibu: "Mzee, hapa ndipo uliponionyesha."

Hakuna kigingi, karatasi wala shahidi. Nani atasema ukweli uko wapi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kiwanja ni mali.

Kamba ni rahisi, ukuta ni ghali

Kosa la mahali lina bei tofauti kwa kila hatua. Likionekana fundi akiwa amefunga kamba, kulirekebisha ni kung'oa vigingi na kuvipigilia upya. Likionekana baada ya kuchimba, umepoteza vibarua wa siku moja au mbili. Likionekana msingi ukiwa umejengwa, umepoteza mawe, mchanga, saruji na ufundi. Likionekana kwenye lenta, umepoteza karibu mavuno yote ya mwaka.

Kwa hiyo siku muhimu kuliko zote katika ujenzi ni siku ya kufunga kamba. Mwenye nyumba asikose siku hiyo, hata kama maharage yako uwanjani. Awaite majirani wa pande zote na mwenyekiti wa kitongoji au mtaa. Kwenye kiwanja kilichopimwa, zitafutwe bikoni zote nne kabla ya kufunga kamba yoyote. Bikoni ikiwa haionekani, aitwe mpima ardhi wa halmashauri; fundi asikisie. Kwenye ardhi ya kijiji ambayo haijapimwa, mpaka huwa ni minyaa, mti au jiwe. Hapo majirani wakubaliane kwa sauti, mbele ya kiongozi, kabla ya jembe kugusa ardhi.

Umbali upimwe kwa tepu, si kwa hatua, maana hatua ya fundi mrefu si hatua yako. Pima kutoka kila mpaka hadi kwenye kamba. Kumbuka pia kuwa paa hutoka nje ya ukuta. Ukuta unaweza kuwa kwako huku maji ya paa yakimwagikia kwa jirani.

Kona nazo zikaguliwe. Kutoka kwenye kona, pima meta 3 upande mmoja na meta 4 upande wa pili. Kati ya alama hizo mbili pawe na meta 5 kamili. Ikiwa nyumba ni ya mstatili, pima pia kona kwa kona. Vipimo viwili vya mshazari vilingane. Nyumba iliyopinda huanza vizuri mbele na kumwingilia jirani nyuma.

Wengi hutembea na ramani ya nyumba wakidhani inatosha. Ramani hiyo huonyesha vyumba, haionyeshi jirani. Unahitaji pia mchoro wa kiwanja unaoonyesha nyumba inakaa wapi, pamoja na umbali kutoka kila mpaka, choo, shimo la taka na uwanja wa kuanika mazao. Katika maeneo yaliyopangwa, mchoro huo huambatana na maombi ya kibali cha ujenzi halmashauri. Usijenge bila kibali. Kibali hicho ndicho ushahidi wako fundi akienda kinyume.

Barabara ya lami na fremu

Kwa wafanyabiashara, kishawishi kikubwa ni barabara. Barabara ya kutoka Nyakanazi kupitia Kakonko, Kibondo na Kasulu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi, imejengwa kwa lami, na kila mtu anataka fremu inayotazama magari. Fundi naye husogeza nyumba mbele kidogo ili kumfurahisha mteja.

Hapo ndipo hatari ilipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka meta 22.5 hadi meta 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ndiyo sababu nyumba zimewekewa alama ya X za rangi mbili. Nyekundu ni kwa aliye ndani ya meta 22.5, ambaye hana fidia. Kijani ni kwa aliyefikiwa na ongezeko hilo, ambaye anastahili fidia. Anayejenga leo ndani ya meta 30 asitegemee fidia yoyote.

Jambo jingine ni kwamba barabara ikijengwa upya, kona hunyooshwa na katikati huhama. Usipime kutoka kwenye njia ya zamani ya vumbi. Uliza TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, na TARURA kwa barabara nyingine za wilaya. Waliojenga kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, ambako hifadhi ilitajwa kuwa meta 121.5 kila upande, walibomolewa mwaka 2017. Fundi aliyejenga hakuwepo siku tingatinga lilipofika.

Hasara ni ya nani?

Kanuni ya kawaida ni hii: aliyekosea ndiye anayebeba. Ikiwa wewe ulionyesha mpaka usio sahihi, hasara ni yako na fundi anastahili ujira wake. Ikiwa vigingi vilipigwa sawa na fundi akavihamisha bila ruhusa, anapaswa kurekebisha kwa gharama zake. Lakini mbele ya jirani, wewe mwenye nyumba ndiye wa kujibu kwanza. Huwezi kumwambia jirani akamtafute fundi.

Ukiona kosa, simamisha kazi siku hiyo hiyo na usilipe hela ya hatua inayofuata. Mwenye nyumba anayenung'unika huku akiendelea kulipa atapata shida kueleza baadaye kwamba hakukubali. Piga picha, ita viongozi, pimeni pamoja, kisha andikeni mlichokiona. Kama nyumba imeingia kwa jirani kidogo, kuna wakati jirani hukubali kuuza au kubadilishana kipande. Kwa ardhi ya kijiji, hilo lifanyike kwa maandishi kupitia halmashauri ya kijiji. Kwa kiwanja kilichopimwa, lipitie ofisi ya ardhi, kwa sababu bikoni haihamishwi kwa mapatano ya mdomo.

Mkishindwa kuelewana, fahamu mlango wa kubisha. Madai dhidi ya fundi ni ya mkataba, na yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Sheria inatambua hata mkataba wa mdomo, ila kuuthibitisha ni kazi. Muda wa kudai ni miaka sita. Mgogoro wa mpaka na jirani huanzia kwenye usuluhishi, katika baraza la kijiji au la kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata husuluhisha tu, halitoi hukumu ya ardhi. Likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Karatasi moja tu

Yote haya huepukwa kwa karatasi moja. Iandikwe jina la mwenye nyumba na la fundi, umbali wa nyumba kutoka kila mpaka, upande mlango unakotazama, na malipo kwa awamu: msingi, lenta, kupaua. Iandikwe pia kwamba fundi akikuta mwamba, kisiki au maji asisogeze nyumba kabla ya kumwita mwenyewe. Wote wawili watie saini, pamoja na shahidi mmoja kila upande.

Fundi mwaminifu hataikataa karatasi hiyo, kwani inamlinda yeye pia dhidi ya mteja anayebadili mawazo msingi ukiwa umeisha. Akikataa kuitia saini, ni heri ujue hivyo wakati hela yako bado iko mfukoni.