Ngege anamezwa na sato

Sato anayepangwa leo kwenye mabeseni ya mialo ya Mwanza, Musoma na Kisumu si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa na binadamu miaka ya 1950. Mwenyeji halisi ni ngege, Oreochromis esculentus kwa jina la kisayansi, samaki aliyelisha watu wa ziwa hili muda mrefu kabla sangara hajajulikana huku. Orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, sasa inamweka katika daraja la walio hatarini mno kutoweka.

Masaibu yake yalianza na nyavu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1905 zikaingia nyavu za makila za nyuzi za kitani kutoka Ulaya. Zilikamata samaki kwa wingi ambao mitego ya matete na mafunjo isingeweza kuufikia, na soko la kuwauzia lilikuwa tayari. Kufikia mwaka 1927 mavuno yalikuwa yamepungua kiasi cha kuletwa mtaalamu, Michael Graham, kulichunguza ziwa zima. Alishauri macho ya wavu yasipungue inchi 5. Ushauri ulifuatwa kwa muda, kisha miaka ya 1950 sheria ikalegezwa na nyavu za macho madogo zikatawala.

Kwa samaki mwenye uzazi kama wa ngege, hilo lilikuwa pigo kubwa. Jike hutaga mayai machache, huyaokota na kuyaatamia mdomoni mpaka yaanguliwe, na hata baadaye vifaranga wakitishwa hukimbilia mdomoni kwa mama. Akinaswa jike mmoja, kizazi chake chote kimekwenda naye.

Ulaji wake nao ni wa kipekee. Ngege hula mimea midogo mno inayoelea majini, isiyoonekana kwa macho. Akishavuta maji, ute unaotoka kwenye tezi za mdomoni mwake huigandisha mimea hiyo ikawa tonge, nalo hupelekwa nyuma kwenye meno ya kooni na kumezwa. Chakula alichokitegemea zaidi ni diatomu, mimea yenye ganda la silika. Mbolea, udongo wa mashambani na majitaka ya miji vilipozidi ziwani, diatomu alizozizoea zilipungua na mwani wa kijani-buluu ukashika nafasi. Maji yakawa mazito, na hewa ya oksijeni ikapungua kwenye kina.

Watu wengi humtupia lawama sangara. Kweli, ni mlaji mkali, na aliangamiza aina nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwa hili. Lakini alifurika ziwani miaka ya 1980, wakati ngege alikuwa ameshaadimika. Kwa maoni yangu, anayestahili kutazamwa kwa makini zaidi ni sato, yule yule tunayempenda. Hukua haraka na kuwa mkubwa kuliko ngege, hula karibu kila kitu, na huzaana naye. Watoto wao wanaweza kuzaa pia, kwa hiyo damu ya ngege huyeyuka kidogo kidogo ndani ya damu ya sato. Samaki aliyevuliwa kupita kiasi anaweza kupumzishwa akaongezeka. Damu ikishachanganyika hakuna namna ya kuitenganisha.

Ngege waliobaki wamejibanza kwenye maziwa madogo. Wapo Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala huko Siaya, na wapo baadhi ya maziwa madogo ya kusini mwa Uganda. Mafunjo ndiyo yaliyowakinga: maji yaliyo ndani yake yana oksijeni kidogo, na sangara, anayehitaji oksijeni nyingi, hashindi humo. Wengine wako mbali na kwao kabisa, katika maziwa ya Singida, ambako walipandikizwa katikati ya karne iliyopita.

Kwa hiyo kinamasi kinapokaushwa kwa ajili ya mashamba, ngome hiyo inabomolewa. Na kuna hatari nyingine inayokuja kwa nia njema: vifaranga vya sato vinavyogawiwa wafugaji. Bwawa likichimbwa bondeni karibu na maziwa haya, mafuriko ya msimu mmoja yanatosha kumvusha sato hadi ziwani.

Mfugaji anayetaka kujua kama samaki wake ni sato au ngege anaweza kuanza kwa kutazama mkia. Pezi la mkia wa sato lina mistari iliyosimama, imepangika kwa utaratibu toka juu hadi chini; la ngege halina mpangilio huo, na kichwa chake ni kidogo. Machotara huchanganya alama hizi, na hapo ni kipimo cha vinasaba tu kinachoweza kuamua. Maofisa uvuvi wa wilaya zenye maziwa haya wangepaswa kuzuia sato asifugwe kwenye mabonde yanayomwaga maji humo, na kuwapa wafugaji wa huko vifaranga vya ngege halisi, vilivyopimwa, kutoka maji yale yale.