Hesabu ya Saruji kwa Sakafu ya Kuanikia Mahindi

Mkulima aanikaye mahindi yake juu ya udongo mtupu huyatia katika hatari asiyoiona kwa macho. Unyevu wa ardhi huotesha kuvu, na kuvu hiyo yaweza kuzaa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika Kenya ya mashariki, wengi wao wakiwa wenyeji wa Makueni na Kitui. Nao walikuwa wamekula mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka sawasawa.

Turubai yafaa kwa kuanikia, lakini mwenye uwezo hutaka sakafu ya zege. Shida ni kwamba wengi huanza kazi hiyo kwa kukisia. Mtu hununua mifuko kumi ya saruji, nayo huisha sakafu ikiwa nusu, na duka li mbali. Zege iliyokwisha kumwagwa hukauka, na ile ya kesho haishikamani nayo. Au fundi aonapo saruji yapungua huzidisha mchanga kimya kimya, na masika mawili hayapiti kabla ya sakafu kuanza kubanduka na mchanga wake kuingia katika mahindi. Hasara zote mbili zaweza kuepukwa kwa hesabu isiyomshinda mtoto wa shule.

Tuseme sakafu ina urefu wa mita 6, upana wa mita 4, na unene wa sentimeta 10. Zidisha 6 kwa 4 upate mita za mraba 24; zidisha tena kwa 0.10, nawe utapata mita 2.4 za ujazo. Hiyo ndiyo zege itakiwayo ikiwa imekwisha kushindiliwa mahali pake.

Hapa ndipo wengi hupotea. Hudhani ya kuwa vitu vikavu vyenye ujazo wa mita 2.4 vitatoa zege ya mita 2.4. Sivyo. Jaza debe viazi, kisha mimina mtama juu yake: mtama utazama katika nafasi zilizo kati ya viazi, na debe halitafurika upesi. Vivyo hivyo mchanga huingia kati ya kokoto, na saruji kati ya chembe za mchanga. Kwa hiyo vitu vikavu lazima vizidi zege yenyewe kwa kadiri ya nusu na zaidi kidogo. Mafundi huzidisha kwa 1.54. Nasi tukifanya hivyo twapata mita za ujazo 3.7.

Mchanganyiko ufaao ni sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, yaani sehemu saba. Gawanya 3.7 kwa 7: saruji ni kama mita 0.53, mchanga mita 1.06, kokoto mita 2.1. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Basi saruji ni mifuko 15 na kidogo. Nunua 16. Asiyependa hesabu ndefu na akumbuke hili tu: kwa unene huo, mfuko mmoja hutosha mita moja na nusu ya mraba.

Mchanga wenye majimaji huvimba, na ujazo wake waweza kuzidi kwa robo, kwa hiyo agiza mita 1.3. Muuzaji asemapo ‘lori moja’, pima bodi la lori lake kwa kamba, urefu, upana na kimo cha mzigo, maana lori si kipimo. Mchanga wa pwani ya bahari usiutumie. Chumvi yake huvuta unyevu, nawe wajenga ili kuukimbia unyevu.

Kwa kupimia, tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako, la sentimeta 40 kwa 35 kwa 25 kwa ndani. Ujazo wake ni lita 35, sawa na mfuko mmoja. Kila mfuko upewe masanduku mawili ya mchanga na manne ya kokoto, na maji lita 25 hata 30, yasizidi. Koleo halipimi kitu. Koleo la asubuhi si sawa na la jioni, mikono ikiisha kuchoka.

Mteremko wa kuondolea maji ya mvua, sentimeta 4 toka upande hata upande wa upana, ukatwe katika ardhi kabla ya kumwaga. Ukitengenezwa kwa zege, upande mmoja utakuwa na sentimeta 10 na wa pili 14. Wastani ni 12, na mifuko mitatu imekwenda bure. Tandika pia nailoni nzito chini ya zege yote, ili unyevu usipande.

Igawanye sakafu kwa mbao katika vyumba sita vya mita 2 kwa 2, vimwagwe kimoja kimoja. Kila chumba hula mifuko miwili na nusu. Chumba cha kwanza kikimalizika, hesabu mifuko mitupu: ikiwa mmoja na nusu tu, zege ni dhaifu au ni nyembamba, ikiwa mitatu na zaidi, ardhi haikusawazishwa. Mwulize fundi papo hapo, kwa adabu, vyumba vitano vikiwa bado.

Saruji isinunuliwe miezi kabla ya kazi, maana hupungua nguvu ikikaa. Na ikae juu ya mbao, mbali na ukuta. Zege ikiisha kushika, ifunikwe kwa magunia yenye maji siku saba usiku na mchana, na maji hayo nayo yatiwe katika hesabu ya wachotaji.