Je, Wajua? Amazon na Google waliwahi kununiana, YouTube ikatoweka kwenye Fire TV

Mwaka 2015 Amazon iliacha kuuza Chromecast, kifaa cha Google cha kurushia video kwenye runinga, ikidai hakipatani na Prime Video. Dai la ajabu kidogo, maana programu hiyo ya Prime Video ilikuwa mali ya Amazon yenyewe.

Google ikalipiza. Septemba 2017 iliiondoa YouTube yake kwenye Echo Show, spika ya Amazon yenye skrini, kisha ikatangaza kwamba Fire TV, kifaa cha Amazon cha kutazamia video kwenye runinga, nacho kingeikosa kuanzia 1 Januari 2018.

Amazon ikapita uchochoroni: kabla mwaka haujaisha ikaweka vivinjari vya Silk na Firefox kwenye Fire TV, mtazamaji aifungue YouTube kama tovuti nyingine yoyote. Programu ya YouTube ilirudi Julai 2019, siku ileile Prime Video ilipoingia Chromecast.