Mkopo wa Nyumba: Tengeneza Karatasi Kabla ya Kufuata Mtandao



Ukitaka mkopo wa kujenga nyumba ya mawe hapa Endarasha, utaambiwa kwamba siku hizi kila jambo hufanywa kwa intaneti. Maneno hayo ni kweli nusu. Namba ya PIN ya KRA hupatikana kwa mtandao, na malipo mengi ya serikali hupitia eCitizen. Lakini wajua jinsi mambo yalivyo huku kwetu: mvua ikinyesha au umeme ukikatika, mtandao hulala, na mtu aliyelipa nauli mpaka Mweiga hurudi mikono mitupu.

Watu wengi huulaumu mtandao. Mimi katika kazi yangu ya ukarani nimeona kwamba mtandao hukawiza mkopo kwa siku mbili tatu tu. Kinachouzuia mwaka mzima ni karatasi zisizopatana. Basi zitazame moja moja, ukiwa mezani kwako.

Kwanza, jina katika hati. Mpango wa eka milioni moja ulianza mwaka 1962, na wazee wetu walipewa mashamba ya settlement kwa mkopo. Wengi wao wamekwisha kufariki, na hati ingali kwa jina la baba au babu. Benki haiwezi kupokea rehani kwa mtu ambaye jina lake halimo katika daftari la ardhi, hata akiwa amelima shamba hilo miaka 40. Hapana budi urithi umalizwe mahakamani kwanza. Kwa kawaida idhini ya kugawa mali haitolewi kabla ya miezi 6 kupita tangu wasimamizi wa mali kuwekwa. Kwa hiyo anza sasa.

Pili, deni la Settlement. Kulipa deni ni jambo moja. Kufutwa kwa rehani katika daftari la ardhi ni jambo jingine. Stakabadhi ya malipo ya mwisho haitoshi. Tafuta barua ya kuondoa rehani, uipeleke kwa msajili wa ardhi huko Nyeri, ukahakikishe kwamba imeandikishwa.

Tatu, majina yapatane. Linganisha kitambulisho, hati na PIN, herufi kwa herufi. Mama mmoja alirudishwa mara tatu kwa sababu ya herufi moja, naye akidhani kosa ni la mashine.

Nne, ruhusa ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Kwa sheria ya mwaka 1967, ambayo ingali inatumika, rehani juu ya shamba la kilimo bila ruhusa hiyo ni bure. Ombi hupelekwa katika muda wa miezi 6 tangu mapatano kufanywa. Uliza mapema siku ya kikao.

Tano, mwenzi wako. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba rehani juu ya nyumba ya ndoa haina nguvu asipoweka sahihi mke au mume anayekaa humo, au pasipokuwa na ushahidi kwamba amekubali. Mzungumze nyumbani kabla ya kwenda benki.

Ukiwa na hayo yote, ndipo uende kwenye mtandao. Jibu maswali yote kwanza kwa kalamu katika karatasi, ili mtandao ukija usipoteze saa ukitafuta namba. Ukilipa kwa M-Pesa na mtandao ukakatika katikati, usilipe mara ya pili. Tazama kwanza ujumbe wa malipo na salio lako. Kila namba ya ombi iandike katika daftari pamoja na tarehe. Chapisha kila stakabadhi, maana simu huanguka majini. Usimwachie kijana wa saiba neno lako la siri; anayelijua aweza kujifanya wewe. Na kabla ya kuikabidhi benki hati yako, toa nakala uiweke nyumbani, na udai karatasi yenye sahihi ya aliyeipokea.

Sasa nakuomba ufikiri jambo moja kubwa. Karatasi hizi si za kupamba faili. Rehani maana yake ni kwamba ukishindwa kulipa, shamba laweza kuuzwa. Sheria hiyo ya 2012 yakupa nafasi: ukichelewa kwa mwezi mmoja, benki yaweza kukupa ilani, nawe hupewa miezi isiyopungua 3 ya kulipa, kisha, kabla ya kuuza, lazima ikupe ilani nyingine ya siku zisizopungua 40. Barua kama hiyo ikifika, usiifiche chini ya godoro. Nenda benki siku hiyo hiyo ukazungumze. Na kabla ya kukopa, hesabu malipo ya mwezi kwa maziwa ya wakati wa kiangazi, wala si kwa maziwa ya wakati wa mvua.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua faili moja leo. Jioni hii, watoto wakiisha kula, itoe hati yako, usome jina lililoandikwa humo. Ikiwa si lako, kazi yako ya kwanza umekwisha kuijua.